Mabaluni ya hewa na WDH kwenye pikapu moja: anza na mzani, malizia na upepo

Wakuu salama. Hii ni kwa mliopo huku Marekani na Kanada mnaovuta tela za kulala, zile nyumba za magurudumu, kwa pikapu za kawaida kama F-150, Silverado 1500, Ram 1500 au Tundra, na mmeshaona jinsi gari inavyochuchumaa nyuma ukishaifunga tela alafu taa za mbele zinamulika mawinguni. Wengi hapo tunakimbilia kununua mabaluni ya hewa, yale ya kufunga kwenye suspenshen ya nyuma ya gari. Wengine wananunua ile hichi (chuma cha kufungia tela) ya kugawa uzito, ambayo wenyeji wanaiita WDH, yaani weight distribution hitch, na mimi ntaiita hivohivo maana nikiandika "hichi" kila mahali mtadhani nawaonyesha kitu. Na kuna wanaofunga vyote viwili ila kwa mpangilio wa kinyume, alafu vitu viwili vizuri vinaanza kupigana.

Mi nilianza na mabaluni peke yake. Pale niliponunua tela jamaa wa mauzo akaniambia funga mabaluni tu, gari itanyooka, huna haja ya hayo mavyuma mengine. Nikafunga, nikajaza upepo psi 80, na kweli gari ikanyooka kama rula, nikapiga picha nikamtumia mdogo wangu Dar. Siku ya safari tukatoka Dallas tukashika US-287 kwenda Amarillo ili tupandishe Colorado, na kama umewahi kupita ile barabara unajua upepo wa Panhandle, ile sehemu ya juu kabisa ya Texas, ukoje, hakuna mti, hakuna kilima, unapiga ubavuni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Usukani ukawa mwepesi, yaani nakata kidogo gari haisikii, nakata tena inasikia zaidi ya nilivyotaka. Kila lori kubwa likinipita tela inavutwa kwanza upande wake alafu inarudi. Mama watoto alikua anaongea toka Wichita Falls, baada ya Childress akanyamaza, na sisi tuliooa tunajua ule ukimya.

Amarillo nikaingia kituo cha malori kujaza mafuta. Dereva mmoja wa semi, Mkenya wa Mombasa, kanisikia naongea na watoto akaja kusalimia, akazunguka gari mara moja tu akapiga fenda ya mbele kwa kiganja. "Ndugu yangu, huku mbele kunaelea. Ushapima?" Nikamwambia mbona gari imenyooka. Akacheka, akanionyesha mzani uko kulee nyuma ya pampu za dizeli. Nilichosoma kwenye ile karatasi ndicho kimenifanya niandike haya yote.

Kwanza uelewe nini kinatokea

Kariakoo umewahi kuona mkokoteni uliopakiwa vibaya, mzigo wote umekaa nyuma ya ekseli? Mwenye mkokoteni ananing'inia kule mbele kwenye mikono, miguu inapapasa hewani. Sasa pikapu yako ni ule mkokoteni. Ekseli ya nyuma ndio egemeo, mpira wa kufungia tela uko nyuma ya ekseli kwa futi tano hivi, na tela ikikandamiza pale inanyanyua pua ya gari. Magurudumu ya mbele ndio ya kukata kona na ndio yanafanya kazi kubwa ya breki, sasa ukiyapunguzia uzito umepunguza vyote viwili.

Mabaluni yanafanya nini? Yanakaa kati ya ekseli na chesisi yanasukuma bodi juu. Ni sawa na kumwekea yule mwenye mkokoteni tairi kubwa zaidi: mkokoteni umeinuka, yeye bado ananing'inia. Uzito uliotoka mbele haujarudi hata kilo.

WDH ni kitu kingine kabisa. Ina kichwa kinachoingia kwenye tundu la hichi ya gari, na vyuma viwili virefu vya springi vinavyotoka kwenye kichwa kwenda nyuma chini ya shingo ya tela. Vile vyuma ukivipandisha na kuvifunga kwenye shingo vinapinda, na vinapopinda vinakua kama mikono ya toroli: unanyanyua mikono, uzito unaenda kwenye gurudumu. Hapo sehemu ya mzigo inatoka ekseli ya nyuma ya gari, nyingine inaenda ekseli ya mbele, nyingine inaenda kwenye ekseli za tela.

Kwaio WDH inahamisha uzito, mabaluni yananyoosha gari. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofata zinaeleweka zenyewe.

Hatua ya 1: soma vibandiko kabla hujanunua kitu

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo. Kuna kibandiko kinachosema jumla ya watu na mizigo isizidi pauni kadhaa, na kingine kina GVWR, yaani uzito wa mwisho wa gari lenyewe na kila kilichomo, pamoja na GAWR ya mbele na ya nyuma ambazo ni kikomo cha kila ekseli. Ya kwangu inasema GVWR 7,000, ekseli ya nyuma 3,800, watu na mizigo 1,700. Zote pauni. Gawa kwa 2.2 upate kilo.

Alafu lala chini uangalie kibandiko cha hichi yenyewe. Kina mistari miwili ambayo watu hawaisomi. Mmoja ni wa kubeba bila WDH na mwingine ni wa kubeba na WDH. Kwangu bila WDH mwisho ni tela ya 5,000 na uzito wa shingo 500, na WDH ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Tela yangu ikishapakiwa ni 6,400. Kwaio ile safari ya kwanza na mabaluni peke yake sikua tu na usukani mwepesi, nilikua nje ya kiwango cha chuma kinachoshika tela.

Na hapa niseme kitu kinachobishaniwa sana: hakuna baluni, springi, shokapu wala raba inayopandisha namba za kwenye mlango. Boksi la mabaluni limeandikwa pauni 5,000 kwa maandishi makubwa, sawa, ule ni uwezo wa baluni lenyewe kunyanyua. Ekseli, beringi, rimu, tairi na breki ni zilezile. Nyumbani tumezoea fundi anakuongezea bapa la springi kwenye Canter na mzigo unaongezeka, na ndio maana tunazikuta Canter zimevunjika ekseli njiani.

Uzito wa shingo, nimeutaja bila kuueleza, ni ule uzito ambao shingo ya tela inaukandamiza mpira wa gari. Kwa tela za kufunga nyuma unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya tela nzima ikiwa imepakiwa. Ukiwa chini ya hapo tela inatikisa mkia, ukiwa juu unaumaliza uwezo wa gari. Mi nina 800 kwenye 6,400, asilimia 12 na nusu.

Hatua ya 2: nenda mzani

Kule kwetu lori linaingia mzani wa Vigwaza kwa sababu halina ujanja. Huku gari binafsi hakuna anaekulazimisha, na ndio maana watu wanavuta miaka kumi hawajui wanavuta nini. Mizani ya CAT iko kwenye vituo vingi vya malori, ile kampuni ipo toka 1977, makao yake Walcott kule Iowa. Bei ni ya chakula cha mchana, na ukirudia kupima kwenye mzani uleule ndani ya masaa 24 unalipa hela ndogo sana.

Namna ya kupima: mzani una sahani tatu. Weka magurudumu ya mbele ya gari kwenye ya kwanza, ya nyuma kwenye ya pili, tela yote kwenye ya tatu. Bonyeza kitufe cha intakomu, au tumia aplikesheni yao ya simu usihangaike kupiga kelele dirishani. Usiwe na aibu, madereva wa malori hua hawana shida, wewe tu usiende saa ambayo foleni imejaa.

Unahitaji karatasi tatu. Gari peke yake likiwa na watu wote, mafuta yamejaa, mizigo ya safari ipo na kichwa cha WDH kipo. Gari na tela bila vyuma vya WDH kufungwa. Gari na tela vyuma vikiwa vimefungwa. Tela iwe na kila kitu cha safari, maji, gesi, viti, baiskeli za watoto, usipime tela tupu ukajidanganya.

Hizi ndio zangu baada ya kurekebisha kila kitu, nawawekea maana namba zinaongea kuliko mimi.

Gari peke yake: mbele 3,200, nyuma 2,800.

Na tela bila WDH: mbele 2,860, nyuma 3,940, tela 5,600.

Na WDH imefungwa: mbele 3,040, nyuma 3,660, tela 5,700.

Jumlisha mstari wa pili, alafu jumlisha wa tatu, kila mmoja unakuja 12,400. Hakuna kilichopotea wala kilichoongezeka, umehama tu. Angalia mstari wa pili: mbele nimepoteza pauni 340, kama kilo 154, sawa na watu wazima wawili wameshuka kwenye boneti. Nyuma 3,940 na kikomo changu ni 3,800. Sasa ile siku ya Amarillo mabaluni yalikua na upepo 80 na gari limenyooka kabisa, na karatasi ilisoma hivohivo, mbele 2,860. Picha niliyomtumia mdogo wangu ilikua nzuri tu.

Hatua ya 3: chagua vyuma vya WDH kwa uzito wa kweli

Vyuma vinauzwa kwa uwezo, 600, 800, 1,000, 1,200 na kuendelea. Chukua uzito wa shingo ulioupima, ongeza mizigo iliyokaa nyuma ya ekseli kwenye karai la pikapu, jenereta, maboksi, kuni. Kwangu 800 na mazagazaga, nikachukua Equal-i-zer ya 1,000. Usiseme nachukua kubwa kabisa niwe salama. Vyuma vigumu kupita kiasi havipindi vizuri, kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye shingo ya tela na chesisi. Na vidogo vinapinda mpaka mwisho na uzito bado haujarudi mbele.

Aina ziko nyingi, za minyororo, za mabano, zenye kuzuia mtikisiko ndani yake na zisizo nao. Mimi ushauri wangu chukua yenye kizuia mtikisiko ndani, utapunguza kifaa kimoja cha kufunga na kufungua. Kama una ile ya kipande cha msuguano cha pembeni, kumbuka kukitoa kabla hujarudi nyuma, kinapinda.

Hatua ya 4: suspenshen, nini cha kuongeza na nini hapana

Hapa ndio pesa za watu zinapotelea. Ukishafunga WDH vizuri inawezekana usihitaji kitu kingine chochote, kwaio kama hujanunua mabaluni, subiri. Funga WDH, endesha, alafu uamue.

Kama gari bado inakaa chini kidogo au inagonga kwenye matuta, mabaluni kama ya Firestone au Air Lift yana faida moja kubwa: unabadili upepo. Leo una tela, kesho huna. Raba kama Timbren au SumoSprings hazina upepo wa kuvuja, unafunga unasahau, ila hazirekebishiki, kwaio WDH utaiseti zikiwa hivohivo zilivyo. Bapa la springi la kuongeza linafanya gari iwe ngumu siku zote, hata ukienda dukani kununua maziwa.

Kitu watu wanakisahau ni shokapu. Za gari lililotembea maili 80,000 zimeshachoka, na hakuna WDH itakayozuia gari kupwayapwaya kama shokapu zimekufa. Na tairi. Gari yangu ilikuja na tairi laini za gari ndogo, nikaweka zile za LT (za malori madogo) zenye daraja E la kubeba mzigo, kuta zake ngumu, na kusema kweli ile hali ya nyuma ya gari kucheza kushoto kulia ilipungua zaidi kwa tairi kuliko kwa mabaluni.

Ukifunga mabaluni, weka bomba mbili tofauti, kila upande na valvu yake. Ukiunganisha kwa bomba moja la T, kwenye kona hewa inatoka upande uliolemewa inakimbilia upande wa pili, gari inalala zaidi badala ya kusimama. Na ukimaliza kufunga paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo uone povu.

Wale wa tela za gooseneck na fifth wheel, ambazo mzigo unakaa juu ya ekseli yenyewe, hii ya WDH haiwahusu, nyie mabaluni yanawatosha. Hata anaebeba matofali kwenye karai. Shida ni mzigo unaoning'inia nyuma.

Hatua ya 5: kuseti, na hapa usiwe na haraka

Tafuta sehemu tambarare kabisa, paking ya supamaketi asubuhi ya Jumapili inafaa. Uwe na futi ya kupimia, tepu ya rangi, kalamu, spana zako, jeki ya tela isiyo mbovu, na tenga masaa mawili. Upepo wa tairi uwe sawa, gari imepakiwa kama ya safari. Mabaluni shusha mpaka kiwango cha chini, kwa mengi ni psi 5. Sio sifuri. Ukishusha mpaka sifuri raba inajikunja na kubanwa, na siku moja inapasuka.

Kama gari yako ina suspenshen ya hewa ya kiwandani inayojinyoosha yenyewe, soma kitabu chake kwanza, maana itakua inapanda na kushuka wakati wewe unapima, utakasirika bure.

Sasa pima kutoka chini mpaka ukingo wa fenda ya mbele, katikati ya gurudumu, gari ikiwa haina tela. Bandika tepu na uandike palepale kwenye fenda. Yangu inchi 37. Pima na ya nyuma.

Weka tela yenyewe iwe sawasawa kwa jeki, pima urefu wa kikombe kinachokaa juu ya mpira. Panga kichwa cha WDH mpira uwe juu ya hapo kwa inchi moja hivi, kwa sababu gari itashuka. Hakikisha mpira ni saizi iliyoandikwa kwenye kikombe, kwa tela kubwa mara nyingi ni inchi 2 na 5/16, na mpira mdogo kwenye kikombe kikubwa utashika vizuri tu mpaka tuta la kwanza.

Funga tela kwenye mpira, latchi imebana, pini ipo, bila vyuma. Pima fenda ya mbele tena. Kwangu ikapanda mpaka 38. Ile inchi moja ndio pua ya gari imeinuka.

Sasa lengo. Kitabu cha F-150 yangu kinasema rudisha nusu ya kilichopanda. Kwaio natafuta 37 na nusu. Makampuni mengine yanataka kiasi tofauti, angalia kitabu cha gari yako, sio cha jirani. Zamani watu walikua wanarudisha yote mpaka 37, na kuna wanaopitiliza mbele inashuka kuliko ilivyokua. Usipitilize kabisa, hapo nyuma ya gari inakua nyepesi na kwenye mvua mkia unaweza kukutangulia.

Kupandisha vyuma: tela ikiwa imefungwa kwenye mpira, tumia jeki ya tela kunyanyua shingo pamoja na nyuma ya gari mpaka vyuma viwe vyepesi kuingia kwenye mabano yake. Tumia ile nyenzo iliyokuja nayo, na simama pembeni, sio juu yake. Chuma kikiponyoka kina nguvu ya kuvunja mkono. Vikishaingia weka pini, shusha jeki, vuta gari mbele hatua kadhaa alafu rudi ili vitulie, ndio upime.

Nilipata 37 na robo tatu mara ya kwanza. Haitoshi. Una njia mbili za kuongeza: kuinamisha kichwa zaidi kwa kuongeza washa (vile vipete bapa vya chuma), au kupandisha mabano tundu moja, kwa zile za minyororo unafupisha pete moja. Nikaongeza washa moja, nikakaza bolti kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba ya kitabu, nikapima tena, 37 na nusu. Inaandikwa kwa sentensi moja hapa ila ile washa ilinichukua dakika arobaini na ngozi ya kidole.

Angalia na tela. Inatakiwa iwe sawa au pua imeinama kidogo. Ikiinua pua, shusha mpira tundu moja na uanze upya kupima. Inachosha, najua.

Hatua ya 6: ndio sasa upepo

Mabaluni bado yako psi 5. Rudi nyuma ya gari uangalie. Kama imekaa vizuri, chini kidogo tu kuliko ilivyokua bila tela, acha hapohapo. Gari lenye tela halitakiwi kuwa juu kama lisilo na tela, ni sawa kabisa kushuka kidogo.

Kama imeshuka sana ongeza psi 5, pima. Tano tena, pima. Na kila ukipima, pima mbele pia. Sababu ni hii: mabaluni yanaponyanyua nyuma ya gari, pembe kati ya gari na tela inabadilika, na vyuma vya WDH vinalegea. Ukijaza upepo mwingi unafungua kwa mkono mmoja ulichofunga kwa mwingine. Fenda ya mbele haidanganyi hapa, springi zake hujazigusa, ikipanda ujue uzito umeondoka. Fenda ya nyuma ndio muongo, ina hewa ndani.

Mi nimeishia psi 15, na kwa kipimo changu mimi mtu akifika 25 na bado gari imekaa, tatizo sio upepo, arudi hatua ya kwanza na ya pili, kuna mzigo mahali.

Kuna watakaokwambia nyoosha kwa mabaluni kwanza alafu ukaze WDH. Na baadhi ya vitabu vya mabaluni vinasema hivyo, kama chako kinasema hivyo fata chako, ila ukimaliza fenda ya mbele iwe kwenye namba uliyoikusudia. Mi napendelea upepo mwisho kwa sababu ukianza nao huwezi kujua WDH inafanya kazi kiasi gani. Na kama ulishaseti WDH zamani alafu leo ndio unaongeza mabaluni, raba au bapa, ile seti ya zamani imekufa. Anza upya.

Hatua ya 7: rudi mzani, alafu barabarani

Karatasi ya tatu ndio hii. Linganisha na kibandiko cha mlangoni: mbele na nyuma yangu kwa pamoja 6,700, kikomo 7,000. Nyuma 3,660, kikomo 3,800. Imekaa, ila imebana, siwezi kumchukua shemeji na mabegi yake. Ukiona bado umezidi, usiongeze upepo wala usikaze vyuma zaidi, toa vitu. Maji ya kwenye tangi la tela yana pauni 8.3 kila galoni, tangi la galoni 40 ni zaidi ya pauni 330, na unaweza kujaza maji ukifika.

Rekebisha breki za tela kwenye kontrola, kile kifaa cha ndani ya gari kinachoendesha breki za tela, kwa mwendo wa polepole kwanza, sehemu ya wazi. Na mwambie yeyote atakaekushikia usukani: tela ikianza kutikisa mkia, usikanyage breki ya gari. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, bana ile swichi ya breki za tela kwa mkono taratibu. Sio siri, ila mtu akiwa na hofu mguu unaenda breki wenyewe.

Baada ya maili 50 za kwanza simama ukaze bolti za kichwa tena, hua zinatulia na kulegea. Baadaye tukasimama tena Childress, palepale ambapo mwaka uliopita maongezi yaliisha. Upepo ulikua uleule, bendera ya kituo cha mafuta imekakamaa kama ubao, na mama watoto alikua anagombana na simu kutafuta bei ya hoteli za mji wa Raton kule New Mexico, maana hakutaka tupande mlima wa Raton kuingia Colorado usiku.

Ukifika, chagua sehemu ya kufungulia iliyo tambarare. Nyanyua kwa jeki vyuma vilegee, vitoe, alafu ndio ufungue latchi, ukifungua kwanza latchi vyuma vikiwa vimebana shingo inaruka. Gari ikishatoka, shusha mabaluni mpaka 5 kabla hujaenda kuzurura mjini, la sivyo nyuma itakua inaruka kama mbuzi. Na vile vyuma vina grisi, viweke kwenye ndoo yake. Nilivilaza kwenye kapeti ya tela siku ya kwanza, na lile doa bado lipo.